Katheta ya vena kuu inapopotea njia

Mgonjwa mahututi anayehitaji noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, huwekewa katheta, yaani mrija wa kupitishia dawa, katika vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) kubwa, mara nyingi ya shingoni au ya chini ya mtulinga, na ncha yake inapaswa kutua sehemu ya chini ya vena kava ya juu, vena kuu inayoingia moyoni kutoka juu, karibu na moyo. Wakati mwingine katheta iliyopitishwa chini ya mtulinga hupanda kuelekea shingoni badala ya kushuka, jambo ambalo eksirei ya kifua hulionyesha.

Linalonitia hofu zaidi ni katheta kuingia katika ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Wengi bado huamini rangi ya damu, ilhali kwa mgonjwa mwenye shinikizo la chini na upungufu wa oksijeni, damu ya ateri huweza kuwa nyeusi na kutoka polepole, kama ya vena. Ndiyo maana nasisitiza kwamba waya unaoongoza katheta uonekane ndani ya vena kwa ultrasaundi kabla njia ya katheta haijapanuliwa, au shinikizo la ndani ya mshipa lipimwe. Katheta nene ikishaingia katika ateri ya shingo, isichomolewe kwa pupa. Iachwe hapo, dawa zisipitishwe, na bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu aitwe mara moja.