Hata mimi niliichoma

Leo siku ya nne na neno hilo bado linanizunguka kichwani. Mnajua Mama yuko kwangu tangu wiki iliyopita kwa ajili ya macho yake. Alhamisi kaondolewa mtoto wa jicho la kushoto, salama alhamdulillah, Salma kapata ile shule aliyokuwa akiililia, na kazini tumefunga hesabu za mwaka. Hayo yote yamepita kama upepo. Kilichobaki ni kauli moja ya Mama ya Jumamosi usiku, tukiwa wawili tu sebuleni.

Baba Salma alikuwa Dodoma, watoto wamelala. Mama usingizi hana. Jicho lililofanyiwa kazi hulifunika usiku kwa kikinga cha plastiki, na la kulia anasema linaona kama mtu aliye ndani ya chandarua. Nikawasha kompyuta, nikaweka filamu niliyokuwa nayo tangu zamani, La Femme infidèle ya Claude Chabrol, ya Ufaransa, mwaka 1969. Maana yake mke asiye mwaminifu. Kumtamkia mama yangu jina hilo niliona haya, nikamwambia ni sinema ya mambo ya nyumba. Kifaransa sikijui, maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, basi nikawa namsomea kwa Kiswahili kila yanapotokea.

Charles na Hélène wanakaa karibu na Versailles, nyumba kubwa, bustani imefyekwa vizuri, mtoto mmoja wa kiume. Michel Bouquet ndiye mume, na mke ni Stéphane Audran, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Chabrol mwenyewe. Hawagombani. Hilo ndilo lililomshika Mama tangu mwanzo. "Mbona wanaongea kwa adabu hivyo?" akauliza. Mume anaanza kushuku, anamkodi mpelelezi, analetewa jina na anwani ya mwanaume anayeitwa Victor, pamoja na picha yake. Halafu anakwenda kwake. Anabisha hodi, anajitambulisha kuwa ndiye mume wa Hélène, anajifanya kwamba yeye na mkewe kila mmoja ana uhuru wake. Victor anapumua, anammiminia kinywaji, wanaketi kama wageni wa harusi. Mpaka Charles anapokiona chumbani kiberiti cha gesi, kikubwa kile cha kuweka mezani, alichompa mkewe zawadi ya kukumbuka ndoa yao. Rangi inamtoka usoni. Anaokota sanamu, anampiga nayo Victor kichwani.

Hapo Mama alinishika mkono. Baada ya hapo Chabrol hana haraka hata kidogo: mume anafuta damu, anafuta alama za vidole, anafunga maiti kwenye shuka, anaiburuta hadi kwenye buti la gari. Njiani anagongwa kwa nyuma na gari jingine, maiti ikiwa humo humo. Kisha anaitupa bwawani, na ule mzigo unakataa kuzama upesi, anausimamia na kuutazama tu. Mama alikuwa anasoma istighfari kwa sauti ya chini, na kila mara ananiuliza kama mke kashajua.

Mke anajua. Polisi wanakuja nyumbani mara ya kwanza, wanakuja tena. Siku moja anaishika koti ya mumewe, anaikuta ile picha mfukoni, na nyuma yake yapo jina na anwani. Hasemi kitu. Anakwenda kuichoma moto. Hapo hakuna maandishi ya kusoma, kwa sababu hakuna mtu anayezungumza.

"Kaichoma," nikamwambia Mama, kana kwamba hakuona.

"Nimeona. Hata mimi niliichoma."

"Uliichoma nini, Mama?"

"Ya baba yako."

"Ya Baba ipi?"

"Tazama sinema yako, mwanangu. Polisi hao wanarudi."

Basi. Ikaisha, akaomba maji, nikamtia dawa ya matone kwenye jicho, akalala. Mimi sikulala. Nimelala kwenye "niliichoma" hadi alfajiri, na kesho yake nikaamka nayo. Picha, aliichoma. Barua, aliichoma. Kanzu, karatasi, hati, vyote hivyo vinaingia kwenye hiyo "i" moja. Nikiwa kwenye foleni ya daladala asubuhi ya Jumatatu ndipo nilipokumbuka kuwa hata talaka inaingia. Miguu ilinilegea, nikaliacha gari lipite.

Na hiyo "ya baba yako" nayo ni ya namna gani? Aliyoiandika Baba? Aliyoandikiwa Baba na mtu mwingine? Yenye sura ya Baba akiwa na mtu? Mnaijua ile miaka miwili aliyokaa Mwanza kikazi, nimeshawahi kuiandika hapa, tukimngoja kila mwisho wa mwezi na fedha zinakuja kwa mkono wa dereva. Siku zote nimeiandika kama miaka ya uvumilivu wa Mama. Leo sijui niliandika nini. Baba hayupo tena wa kuulizwa, na nisingemuuliza. Nikampigia Dada. Akanijibu kwamba Mama hajawahi kuchoma kitu maishani mwake, hata takataka huzifukia chini ya mnazi, labda dawa za hospitali zimemchanganya. Iliniuma alivyosema hivyo. Nilikuwepo. Nilimwona uso wake kwa mwanga wa ile kompyuta, na hakuna aliyechanganyikiwa pale.

Kilichoniuma zaidi, niseme ukweli, ni kwamba nina miaka arobaini na mbili na yeye kaona ni rahisi kumwambia yule Mfaransa kuliko kuniambia mimi.

Jana jioni nimerudi kazini nimechoka, nimemkuta ameketi kibarazani anachambua mchele, kautandaza kwenye ungo, jicho lake jipya liko wazi. Anaokota vijiwe ambavyo mimi mwenyewe sivioni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema bila kuniangalia: "Ile sinema, niwekee mwisho wake. Juzi nilikuwa na jicho moja."

Nikamwekea. Mwisho wake ni hivi: Charles anamwambia mkewe anampenda kama mwendawazimu, halafu anawaendea polisi waliokuja. Hélène anabaki bustanini na mtoto. Tunawatazama kwa mbali kupitia miti, na kamera inarudi nyuma huku lenzi ikiwavuta karibu, mambo mawili kwa wakati mmoja. Filamu hii Wamarekani waliirudia mwaka 2002, Diane Lane na Richard Gere, niliitazama na Baba Salma tukiwa wachumba. Katika ile, mume na mke wanalipukiana na kuambiana yote. Huku juu ya hayo hakuna neno. Mama aliuinamia mwisho ule, uso karibu ugusane na kioo.

"Sasa hapa mtu anaondoka au anasogea?"

"Vyote viwili, Mama."

"Eh." Akanyamaza kidogo. "Ndivyo ilivyo."

Akacheka, kicheko kile cha kwikwi ambacho sijakisikia tangu msiba. Nami nikacheka, sijui kwa nini, tukacheka hadi Salma akatoka chumbani kutazama kuna nini. Nilikuwa nimeshajiandaa kuuliza, maneno yako mdomoni. Sikuuliza. Nilimtazama anavyorudi kwenye ungo wake, anapeta, makapi yanaruka, na nikatamani akae kwangu mwezi mzima.

Jumatatu ijayo tunarudi kwa daktari kupanga jicho la kulia. Halafu kuna huu mwembe wa nyuma. Tangu mvua ya juzi tawi lake kubwa limelalia waya wa umeme, usiku upepo ukivuma taa zinacheza. Nimeripoti mara mbili, naambiwa nisubiri. Leo mchana limezidi kushuka, na watoto wanapenda kuchezea pale pale chini.