Na Mkuki Je?

Leo Madaraka, sikukuu ya Kenya kujitawala. Mvua ya kusi imekuwa ikija na kuondoka tangu alfajiri, nami nimeshinda ndani nikipanga sanduku la marehemu bibi. Chini kabisa, chini ya doti za kanga ambazo hakuwahi kuzikata, nimekuta skafu yangu ya uskauti. Ameikunja kama alivyokunja kila kitu chake, pembe juu ya pembe.

Nilikula kiapo nikiwa na miaka 12. Siku hiyo hiyo nilirudi nyumbani, Mji wa Kale, nikampa bibi mkono wa kushoto. Hakuupokea.

“Mkono wa chooni huo! Ndiyo adabu mnayofunzwa huko?”

Nikamweleza kama tulivyoelezwa: shujaa hushika ngao kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo akikupa mkono huo ameweka ngao chini, amekuamini. Bibi akaendelea kuchambua mchele wake. Kisha akauliza, “Na mkuki je? Ameuweka wapi?”

Sikuwa na jibu.

Madaraka moja tulipandisha bendera sisi, nami nilikuwa kwenye kamba. Bendera haipandi ikiwa wazi. Unaikunja iwe kifurushi, unaifunga kwa kitanzi chepesi, inapanda imelala hadi juu, halafu unavuta mara moja tu inafunguka. Siku hiyo kamba ilikuwa imelowa. Nilivuta, haikufunguka. Wimbo wa taifa umeshaanza, ule ambao sauti yake imetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, hapa hapa Pwani, na watu wote wamekodolea mlingoti. Ningeweza kuvuta kwa nguvu, lakini niliogopa isichanike. Nikawa naitikisa kamba polepole, vidole vinatetemeka, hadi nyeusi, nyekundu na kijani zikaachia. Nadhani uzalendo wangu ulianzia kwenye vidole vile, kabla sijalijua hata neno lenyewe.

Februari yake tukaenda Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki huko mwaka 1941. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti: nimekwenda nyumbani. Mwenzetu mmoja akauliza, “Na Kimathi amezikwa wapi?” Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyepigania uhuru, ni mtoto wa Nyeri. Wakoloni walimnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957, wakamzika humo humo gerezani bila alama. Sisi tulikuwa pale tarehe 22, siku nne tu baada ya siku yake, na hakuna aliyekuwa amemtaja. Kiongozi wetu hakumkemea yule kijana. Alivua kofia, akasimama kimya, nasi tukavua zetu. Namshukuru hadi leo.

Halafu nikafika miaka 18, nikaenda kuomba kitambulisho. Katika ofisi moja nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu yangu. Babu aliyezaliwa kabla ofisi hiyo haijajengwa! Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu bibi alifuatana nami, karatasi zake zote ndani ya mfuko wa nailoni, akakaa kwenye benchi toka asubuhi hadi adhuhuri. Mimi niliyeogopa kuichana bendera, naulizwa kwetu ni wapi. Tulipotoka mikono mitupu, bibi alinishika bega: “Unaona? Huo ndio mkuki niliokuuliza.”

Kitambulisho nilikipata baadaye. Bado naipenda nchi hii, na simkubalii mtu aniambie kwamba anayeuliza haipendi. Uhuru ambao hauna nafasi ya swali la bibi kizee anayechambua mchele, mimi siujui.

Mpwa wangu anaanza uskauti muhula huu. Skafu nitampa yeye. Akija kunipa mkono wa kushoto nitaupokea, kisha nitamuuliza mkuki ameuweka wapi.