Nilivyoikamilisha hesabu ya wiki tatu licha ya umeme kukatika

Nilikuwa Moshi nikiendesha modeli ya mtiririko wa mto Kikuletwa, ambao pamoja na Ruvu hulijaza bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutafuta vigezo vinavyokubaliana na vipimo vya mto kulihitaji majaribio mengi yanayofuatana, kila moja likitegemea lililotangulia, kwa takriban wiki tatu. Kwa kuwa programu ilihitaji toleo la zamani la mfumo endeshi wa Linux, niliiweka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi, niliyoiunda kwa programu iitwayo QEMU.

Kinga yangu ya kwanza ilikuwa kuhifadhi picha ya mashine pepe nzima, yaani nakala ya hali yake yote kwa wakati huo, kila baada ya saa sita. Siku ya tisa umeme ulikatika picha ikiwa bado inaandikwa, na diski ya mashine pepe ikaharibika. Uchungu wa siku hizo tisa ndio ulionifanya nichunguze chanzo kwa makini. Niligundua kwamba nilikuwa nimechagua hali ya diski iitwayo «unsafe», ambayo huongeza kasi kwa kupuuza kila ombi la mashine pepe la kutaka data ifikishwe kwenye diski halisi. Nikaibadilisha kuwa «none», ambayo huyatii maombi hayo.

Kisha niliifundisha programu yenyewe kuhifadhi hali yake: iandike faili jipya kando, ihakikishe limefika diskini, ndipo ilibadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani, ambalo nalo hubaki kama akiba. Kuhusu muda wa kuhifadhi, nilitumia kanuni aliyoitoa John W. Young mwaka 1974: zidisha mara mbili muda wa kuhifadhi kwa wastani wa muda kati ya hitilafu, kisha utafute kipeuo cha pili. Kwangu kuhifadhi kulichukua sekunde 6 na umeme ulikatika kwa wastani kila baada ya saa 12, yaani sekunde 43,200. Jibu ni sekunde 720, sawa na dakika 12.

Jambo lililonisumbua zaidi halikuonekana kwa macho. Nilihifadhi vigezo lakini nikasahau hali ya kizalishi cha namba nasibu, hivyo kila programu ilipoanza upya ilirudia mfululizo uleule wa namba na kuyapotosha majaribio bila kutoa onyo lolote.

Kuizima mashine pepe kwa amri hakutoshi kuwa jaribio, kwa sababu kompyuta mwenyeji, ile halisi inayoibeba, inabaki hai na inaendelea kuandika diskini data iliyobaki kwenye kumbukumbu yake. Kwa hiyo nilichomoa waya ukutani mara tatu katikati ya hesabu fupi ya saa mbili, nikiwa nimepanga kompyuta ijiwashe umeme unaporudi na mashine pepe ianze yenyewe. Matokeo yalilingana hadi tarakimu ya mwisho na yale ya hesabu iliyokwenda bila kukatizwa, ndipo nikaianza upya ile ya wiki tatu.