Chuo Kilichosomwa Garini

Wapendwa katika Kristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Siku ya Alhamisi ya juma la tatu la Pasaka, Kanisa hutusomea habari za Filipo na towashi wa Kushi, yaani mwanamume aliyehasiwa (Mdo 8:26-40), nami nimeamua kubaki na somo hilo wiki nzima, kwa kuwa sijaona ukurasa mwingine unaofanana hivi na utume wetu sisi vijana tunaoishi kati ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mtu mwenye elimu na cheo, mtunza hazina ya malkia, anarudi nyumbani kutoka Yerusalemu, yuko peke yake na maandishi asiyoyaelewa. Na pembeni ya gari lake anatokea mtu anayekwenda kwa miguu, aliyetumwa na Roho, ambaye hana cha kumpa isipokuwa kile ambacho yeye mwenyewe amekwisha kukipokea.

Tafsiri ya Biblia ambayo wengi wetu tumekua nayo inasema kwamba towashi alikuwa akisoma "chuo cha nabii Isaya". Katika Injili ya Luka vilevile, pale Nazareti, Yesu alipewa chuo cha nabii Isaya, akakifungua, akasoma, kisha akakifunga akamrudishia mtumishi (Lk 4:17-20). Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu, na mahali watu walipokwenda kukisomea kitabu pakachukua jina lake. Nilipoligundua jambo hili nilikaa nalo muda mrefu, kwa maana sisi tunasema "niko chuo" tukimaanisha majengo, kadi ya mwanafunzi, ukumbi wa mihadhara na bweni, ilhali neno lenyewe lilianza mikononi mwa mtu aliyeinama juu ya maandiko. Inawezekana kabisa kukaa chuoni miaka mitatu bila kukifungua chuo.

Wala sisemi hayo kuwahusu wanafunzi peke yao. Katika mwaka wangu wa kwanza wa utume niliongoza kikundi kidogo cha Biblia, vijana saba tukikutana jioni chini ya mti nyuma ya bweni, na wiki moja tulisoma sura ya kumi na tano ya Yohana, habari za mzabibu na matawi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilieleza kilimo cha mizabibu, nikataja mababa wa Kanisa, nikawa na maswali matano tayari kwa ajili ya mazungumzo. Mwishoni dada mmoja wa mwaka wa pili, bila nia yoyote mbaya, akaniuliza, "Kaka, na wewe mwenyewe, neno hili limekuambia nini wiki hii?" Nilinyamaza. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara nne, na mara zote nne nilikuwa nikiwasomea wao. Hapakuwa na hata mara moja niliyokaa mbele yake kama tawi linalohitaji utomvu.

Wanafunzi wana neno lao, madesa, yaani zile karatasi za maelezo zilizotayarishwa na mtu mwingine, zinazotolewa nakala na kupitishwa mkono kwa mkono hadi usiku wa kuamkia mtihani. Desa linaweza kumvusha mtu kwenye mtihani, lakini mwenye desa hajakutana na somo. Jioni ile nilitambua kwamba imani yangu ilikuwa inaanza kuishi kwa madesa: nukuu nzuri za watakatifu zilizotumwa kwenye simu, muhtasari wa mahubiri ya mtu mwingine, vifungu vilivyochaguliwa kwa sababu vitafaa kufundishia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, uliwahimiza waamini wote kusoma Maandiko mara kwa mara, ukirudia maneno ya Mtakatifu Yeronimo kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Mahali hapo hapo mtaguso unawaonya wahudumu wa Neno, makatekista wakiwemo, wasije wakawa wahubiri watupu wa nje wa Neno la Mungu, wasiolisikiliza ndani yao. Na hilo ni onyo la Mtakatifu Augustino. Nililiona onyo hilo miezi kadhaa baada ya jioni ile, nikalitambua mara moja.

Tangu hapo nimejifunza kusoma upya, polepole kama mtoto. Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, alizifananisha hatua za usomaji mtakatifu na ngazi yenye vipandio vinne, yaani kusoma, kutafakari, kusali na taamuli, ambayo ni kumtazama Mungu kwa utulivu. Akasema kwamba kusoma kunatia chakula kizima kinywani, kutafakari kunakitafuna, sala inapata ladha yake, na taamuli ndiyo ule utamu wenyewe unaofurahisha na kuburudisha. Sisi tuliolelewa na masomo ya mitihani tumefundishwa kumeza. Kwa hiyo kazi ngumu kwangu imekuwa kile kipandio cha pili, kutafuna, kukubali kubaki na mistari mitatu kwa nusu saa wakati akili inanidai sura nzima.

Naamka saa kumi na nusu, kabla ya foleni ya maji bwenini, na Misa ya asubuhi huanza saa kumi na mbili. Simu naiacha mbali na kitanda. Najua wapo wanaosali vizuri kwa Biblia iliyo kwenye simu, nami siwahukumu, ila mimi nimeona kwamba kifaa kile kile kinacholeta ujumbe wa kikundi cha kwaya na taarifa za mkopo uliochelewa hakiniruhusu kukaa kimya mbele ya Bwana. Hivyo nimerudi kwenye Biblia ya karatasi, ile yenye jalada lililochanika. Tena nasoma kwa sauti ya chini. Filipo aliweza kumsikia towashi kwa sababu alikuwa akisoma kwa kutamka, kama walivyozoea watu wa kale, na mimi nimeona kwamba neno lililopita mdomoni halitoki upesi: hunifuata kwenye daladala, hunirudia ninapopanda ngazi za bweni kwenda kumtembelea mgonjwa.

Hapa kandokando ya Ziwa Nyanza tunao ndugu zetu wakubwa katika jambo hili. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa wasomaji, abasomi kwa lugha yao, kwa sababu kuingia katika dini kulikuwa ni kuingia katika kusoma. Hata kwetu wazee bado husema fulani "amesoma dini". Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879, lakini mwishoni mwa 1882 walilazimika kuondoka wakavuka kwenda kusini mwa ziwa, wasirudi hadi 1885. Kwa karibu miaka mitatu vijana wale, wengi wao wakiwa watumishi katika jumba la mfalme, waliendelea kufundishana wao kwa wao yale waliyokuwa wameyapokea. Mtakatifu Yosefu Mukasa aliwalea wenzake pale ikulu hadi alipouawa Novemba 1885. Mtakatifu Karoli Lwanga akashika nafasi yake, na saa ya hatari ilipofika akawabatiza kwa mkono wake wale waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, Kizito akiwa miongoni mwao. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Kila ninapowatazama wanafunzi wetu, nao wakiitwa wasomi, nakumbuka kwamba kuna mahali ambapo jina hilo lilimfikisha mtu motoni, na ya kwamba vijana wale hawakuwa na padre wa kuwaandalia somo.

Lipo jambo moja linalonisumbua bado. Ile nusu saa yangu huvunjwa mara nyingi, hasa fedha za kujikimu zinapochelewa, ambapo mtu anabisha hodi kwa sababu hajala tangu jana. Mwanzoni nilikasirika, nikijiambia kwamba nimeibiwa muda wa Mungu. Mtakatifu Visenti wa Paulo aliwafundisha masista wake kwamba kuiacha sala ili kumhudumia maskini ni kumwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Nalishika neno hilo, lakini kwa hofu, maana najua jinsi lilivyo rahisi kulitumia kama kisingizio. Mwenye njaa namfungulia mlango, tunakula ugali uliopo, kisha jioni nalipa deni langu kwa Isaya au kwa Yohana kabla sijalala.

Towashi alipoulizwa, "Je! Yanakuelea haya unayosoma?", alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Akamsihi Filipo apande, aketi pamoja naye. Filipo hakumwondoa kwenye ukurasa aliokuwa nao. Alianza kwenye andiko lile lile, la kondoo anayepelekwa kuchinjwa, akamhubiri Yesu. Kisha maji, ubatizo, na mara Roho akamnyakua Filipo, asionekane tena. Nasi pia tunanyakuliwa, au wao wanatuacha: mwaka wa tatu unakwisha, mahafali yanapita, na kijana uliyesoma naye Yohana chini ya mti anapangiwa kazi mkoa mwingine.

Lakini chuo kilibaki garini. Andiko lile la kondoo liko katika sura ya hamsini na tatu ya Isaya, na safari ya kwenda Kushi ni ndefu. Kama mtu yule aliendelea kukikunjua chuo chake, basi baada ya safu chache za maandishi alikutana na mahali ambapo Bwana anasema kwamba towashi asiseme, "Mimi ni mti mkavu", kwa sababu atapewa ndani ya nyumba yake jina lililo bora kuliko wana na binti (Isa 56:3-5). Filipo hakuwepo kumsomea maneno hayo.