Nilivyoihamishia intakula ya Glanza mbele ya rejeta

Januari ndiyo iliyonisukuma. Saa nane mchana, barabara ya kutoka Tanga kwenda Muheza, nilikwama nyuma ya malori mawili ya saruji tangu Pongwe, mwendo wa kilomita 25 kwa saa, vioo wazi, shati limenata mgongoni. Njia ilipofunguka nikaingiza gia ya tatu, nikakanyaga. Gari likaguna tu. Mshale wa presha ya tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, ulipanda mpaka pale unapofika siku zote, lakini msukumo haukuwapo. Na alfajiri ya siku hiyohiyo, barabara ileile, gari lilelile lilikuwa likivuta mpaka kisogo kinalalia kiti.

Gari ni Toyota Starlet Glanza V ya 1997. Injini yake ni 4E-FTE, sisi 1,331, yenye tabo ndogo na nguvu za farasi 135 zilipotoka kiwandani, katika bodi isiyofika tani moja. Kwa umbo lake ni gari linalokimbia sana. Ila Toyota waliilaza intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo, juu ya injini, chini ya pua ya boneti. Mwendo ukiwa mkali, upepo unaingia puani na kuipoza. Mwendo ukilegea, intakula inabaki imekaa juu ya injini kama chungu juu ya mafiga, na kazi yake inageuka: badala ya kuipoza hewa, inaipasha.

Sikutaka kununua kitu kwa hisia. Nina mita ya umeme yenye waya wa kupimia joto, nikaupenyeza ule waya kwenye mpira unaoingia kwenye kilango cha hewa cha injini, nikaziba kwa gundi ya silikoni, nikaendesha wiki nzima huku mdogo wangu ameketi pembeni na daftari. Nje nyuzi 32. Mwendo wa kilomita 80 bila kusimama, hewa inayoingia kwenye injini ilikuwa nyuzi 52. Nyuma ya malori ilifika 71, na baada ya njia kufunguka ilichukua zaidi ya dakika mbili kushuka chini ya 60. Hizo dakika mbili ndizo ninazotaka kupita lori.

Hewa ikigandamizwa hupata joto. Kila aliyejaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyochoma. Tabo yangu inasukuma presha ya baa 0.65, na kwa hali ya hewa yetu ya pwani hewa iliyoingia na nyuzi 32 hutoka kwenye tabo ikiwa karibu nyuzi 100. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo presha ileile inabeba hewa kidogo. Ukipiga hesabu kwa joto la kelvini, kushuka kutoka nyuzi 71 hadi 47 kunaongeza zaidi ya asilimia 7 ya hewa bila kugusa presha. Kubwa zaidi ni usalama wa injini. Hewa ya moto huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, injini inagonga, sensa inasikia, kompyuta inachelewesha cheche, na nguvu inapotea. Ndiyo maana mshale wangu ulipanda na gari halikuondoka.

Nilikwenda Dar, Gerezani, kutafuta intakula. Muuzaji alinionyesha kubwa kama trei ya sambusa za harusi, upana wa milimita 600 na kimo 300. Aliisifu sana. Niliikataa, na naomba mwenye gari dogo anisikilize hapa: intakula kubwa ni tumbo ambalo tabo ndogo lazima ilijaze kwanza kila unapokanyaga, na isitoshe inaifunika rejeta. Katika nchi za baridi hilo wanaweza kulivumilia. Tanga, mwezi wa kwanza, injini itachemka. Nilikuwa nimeshapima kwa tepu uwazi ulio chini ya bampa, nikachukua ya milimita 450 kwa 180, unene 65. Mabomba nikachagua ya milimita 51. Wako watu watakuambia mabomba mapana ndiyo ya kiume. Kwa tabo ya ukubwa huu ni nafasi ya ziada ya kujaza bila faida.

Kazi tuliifanya Makorora, kwa fundi aliyenifundisha kushika spana nikiwa kidato cha pili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mabati gani tena?"

Tukafungua bampa. Nyuma yake kuna nguzo ya chuma iliyolala kutoka upande hadi upande, na intakula ikakwama juu kwa kama sentimita mbili. Fundi akanyoosha mkono kuchukua grinda.

"Mzee, hicho chuma tusikiguse."

"Kwa nini? Nakata kidogo tu, haionekani."

"Siku nikigonga, hicho ndicho kinachopokea kabla yangu."

Akanitazama, akaiweka grinda chini. Tuliishusha intakula, tukapunguza plastiki ya ndani ya bampa badala yake. Ilitugharimu mchana mzima, na mpaka leo naona ndio uamuzi bora wa kazi yote. Vishikio tukatengeneza kwa chuma bapa, tukaweka vipande vya mpira wa tairi kati ya chuma na alumini ili mtikisiko usije ukapasua masikio ya intakula.

Kati ya intakula na kondensa ya kiyoyozi niliacha sentimita tatu. Pembeni, juu na chini nikaziba nafasi kwa mpira laini wa milango. Watu wengi huruka hatua hii. Upepo ni mvivu; ukiona njia ya kuzunguka, hautapenya kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya intakula. Mpira huo unaulazimisha upite kwenye intakula, kisha kondensa, kisha rejeta. Na karatasi ya plastiki iliyo chini ya injini, ambayo magari mengi ya mtaani yameshaipoteza, niliitafuta kwenye gari bovu nikairudisha, maana bila hiyo upepo hushukia chini kabla haujafika kwenye rejeta.

Mabomba ndiyo yaliyokula muda. Alumini ukikosea kukata umetupa pesa, kwa hiyo nilinunua mabomba ya plastiki ya maji na kona zake, nikaunganisha njia nzima kwa mfano: kutoka kwenye tabo, chini, kuingia intakula, kutoka upande wa pili, juu kupita pembeni mwa betri hadi kwenye kilango cha hewa. Betri ilibidi iwe ndogo na isogee. Nilifunga boneti juu ya ule mfano, nikawasha gari bila kuliendesha, nikatazama injini inavyoruka ikikanyagwa na bomba linakaribia nini. Mahali pawili lilikuwa linagusa. Baada ya hapo ndipo tukapeleka mfano kwa mchomeleaji wa alumini mwenye gesi ya arigoni, kule Barabara ya 12, Ngamiani, naye akanakili kona kwa kona.

Nilimwomba pia azungushe tuta dogo la mchomelo kwenye ncha ya kila bomba, ili mpira wa silikoni ukikazwa kwa klipu usiteleze. Siku ile alikuwa na kazi ya mashua ya watu, akaniwekea kwenye ncha nne kati ya nane. Nikakubali. Nilikuwa na hamu, na nilikosea kukubali.

Kabla ya kufunga tuliimwagia intakula petroli, tukaitikisa, tukaipuliza kwa upepo wa kompresa. Ilitoka chenga za alumini kiasi cha kijiko cha chai, na hiyo ni intakula mpya iliyotoka kwenye boksi. Chenga hizo zingeingia moja kwa moja kwenye silinda.

Safari ya kwanza nilielekea Muheza. Kabla ya Pongwe, gia ya tatu, presha imejaa, nikasikia mlio wa puu! na mvumo kama wa tairi linalotoa upepo. Nguvu ikakatika. Gari halikuzima, kwa sababu 4E-FTE hupima presha iliyomo kwenye injini, kwa hiyo mpira ukichomoka inaendelea kwenda kama gari lisilo na tabo. Yale magari yanayopima wingi wa hewa inapoingia, yakipata ajali hii, humwaga petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Nikaegesha chini ya mnazi, nikaona: ncha isiyo na tuta, tena yenye utando wa mafuta niliyoyapakaza mwenyewe ili mpira uingie kwa urahisi.

Tukarudi kwa mchomeleaji, akamalizia ncha nne. Safari hii nilizifuta zote kwa spiriti, zikaingia kavu. Na sikutaka tena kugundua tatizo barabarani. Nilichukua kifuniko cha bomba la plastiki, nikatoboa, nikachomeka valvu ya tairi, nikakifunga mahali tabo inapovutia hewa, nikaenda kwa mzee wa pancha jirani na gereji anijazie upepo. Nilimwomba asizidishe baa 1. Kabla ya hapo nilichomoa mpira unaotoa pumzi za injini na kuziba pande zote mbili, maana upepo ukipita hapo unaweza kusukuma sili za mafuta. Kama presha haikai, huenda valvu za silinda moja ziko wazi na upepo unatokea kwenye ekzosi; zungusha injini kidogo kwa spana, jaza tena.

Mzee wa pancha alishika kopo la maji ya sabuni na brashi, kama anavyotafuta tundu kwenye tairi, akapaka kila kiungo. Povu lilitoka sehemu tatu: klipu mbili zilizolegea, na mshono mmoja wa mchomelo uliokuwa na tundu kama la sindano. "Hili hapa ungekaa nalo mwaka," akaniambia. Kweli. Tundu dogo halilii. Tabo inazunguka zaidi kufidia, inatoa hewa ya moto zaidi, na wewe unadhani intakula uliyonunua ni mbovu.

Nikarudisha ule waya wa joto mahali pake, na mdogo wangu na daftari lake. Mwendo wa kilomita 80, nje nyuzi 32, hewa inaingia na 41. Nyuma ya malori, 47, na njia ikifunguka inashuka ndani ya nusu dakika. Sitaficha kilichopungua: presha inayofika kwenye injini sasa ni 0.62, kwa sababu njia imekuwa ndefu na mapezi yana ukinzani, na tabo inachelewa kidogo kuamka, kama mizunguko 200 ya injini kwa dakika hivi. Ukiendesha mjini kati ya Chumbageni na Raskazone tu, huna haja na kazi hii.

Vijana wengi wameniambia sasa nipandishe presha. Sijapandisha. Kompyuta ya kiwandani na nozeli za kiwandani zina kikomo chake, na petroli tunayoweka si ile ya premiamu ya Japani ambayo injini hii ilipangiwa. Nafasi niliyoipata nimeiachia injini yenyewe.

Jaribio lililonitia hofu lilikuwa Lushoto. Kutoka Mombo unapanda takriban mita 1,000 ndani ya kilomita 33, kona juu ya kona, gia ya pili, upepo kidogo. Nilifunga geji ya joto la maji maalumu kwa safari hiyo. Zamani kwenye mlima ule yalikaa nyuzi 92. Sasa, karibu na Soni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, yalifika 97 na kusimama hapo. Nilizima kiyoyozi, yakarudi 94. Nyuzi tano hizo ndizo bei ya intakula kukaa mbele ya rejeta, hata iwe ndogo na hata ukiziba pembeni vizuri. Nimevuta waya wa swichi hadi kwenye dashibodi, niwashe feni mwenyewe kabla kilima hakijaanza, na rejeta nimeipeleka kuzibuliwa.

Mbele nimefunga wavu wa matundu makubwa kuzuia kokoto za barabara ya Pangani. Kila Jumamosi namwagia mapezi maji baridi ya bomba bila kusukuma kwa nguvu, kwa sababu chumvi ya bahari inaanza kuchora weupe kwenye alumini mapema kuliko nilivyotarajia. Tuta la mchomelo upande wa bahari, yaani upande ninaoegesha, limeshapata madoa. Fundi anasema tulipake rangi nyeusi nyepesi ya kuhimili joto, nami nasubiri masika yapite.