Hamishi-san

Nilifika Kobe Septemba 2016 kwa ufadhili wa ABE, mpango wa serikali ya Japani wa kuwasomesha vijana wa Kiafrika shahada ya uzamili. Masomo yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza. Lakini mwaka wa masomo wa Kijapani huanza Aprili, na siku maabara inapokutana mara ya kwanza kila mtu husimama akajitambulisha, mgeni na mwenyeji. Wenyewe huita jikoshoukai. Niliazimia kuifanya kwa Kijapani, tena kwa Kijapani kilichonyooka. Nilikuwa nakwenda kuishi na watu wale miaka miwili, na sikutaka waanze kunijua kwa lugha inayowatia tabu wao.

Mwalimu wangu wa Kijapani, niliyemwita Sensei, yaani mwalimu, alikuwa mama mstaafu aliyefundisha wageni kwa kujitolea. Maneno aliyonipa yalikuwa machache: Hajimemashite. Tanzania kara mairimashita. Kisha jina, to moushimasu, na mwisho douzo yoroshiku onegai shimasu. Yaani: ndiyo mara ya kwanza tunaonana, nimetoka Tanzania, naitwa fulani, naomba mnipokee. Basi. Kazi kubwa ilikuwa kwenye adabu yake. Taja ulikotoka kabla ya jina. Usiseme "watashi wa", yaani "mimi", kwa sababu umesimama mbele yao na wanaona kwamba ni wewe. "San" ni heshima ya kuwapa wengine, hujipi mwenyewe. Maliza maneno kwanza ndipo uiname. Ukisema huku umeinama, sauti inaishia sakafuni. Na ongeza jambo moja dogo unalolipenda, ili mtu apate pa kuanzia mazungumzo. Vile vitenzi vya kujishusha, mairimashita na moushimasu, havikunisumbua hata kidogo. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo anajua kushuka mbele ya mkubwa bila kuona amepungukiwa.

Kilichonipa mawazo ni jina. Pasi yangu ina majina matatu: langu, la baba, na la babu. Japani jina la ukoo hutangulia, na ndilo watu wanaloitana kazini na chuoni. Kila ofisi niliyopita ilikuwa imeshachukua lile la mwisho, Hamisi. Nalo likiandikwa kwa katakana, herufi zao za majina ya kigeni, hubadilika, maana safu ile husomwa sa, shi, su, se, so. Kwa hiyo mlangoni mwa maabara tayari palikuwa na kibandiko: Hamishi.

Sensei aliniuliza napenda niitwe nani. Ningeweza kuomba jina langu mwenyewe. Wageni wengi hufanya hivyo na hakuna anayekasirika. Nililala na swali hilo. Babu yangu Hamisi alikuwa mvuvi wa pweza Pangani. Hakupanda ndege maisha yake yote, na Dar es Salaam aliijua kwa sababu ya hospitali tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata mwambani, maji ya bamvua yakishatoka, kikapu begani. Nikamwambia Sensei waniite Hamisi.

Siku ilipofika tulikaa kuizunguka meza ndefu, profesa kwenye kichwa cha meza. Wanafunzi walisimama mmoja mmoja: mwaka wa masomo, mji, jina, kitu wanachopenda. Zamu yangu nilisimama, mikono imeshuka ubavuni. Nilitaja Tanzania. Nilitaja Hamisi, na koo likanibana kidogo, kwa kuwa sikuwahi kulitamka jina lile kama langu. Nikasema napenda kuvua pweza, na kwamba nilifundishwa na babu yangu, ambaye ndiye mwenye jina hili. Nikaomba wanipokee. Nikanyamaza, nikainama. Walipiga makofi, na profesa akarudia polepole, "Hamishi-san," kama mtu anayelijaribu jina mdomoni kabla ya kulitumia.

Kikao kilipovunjika, kijana mmoja alinisubiri mlangoni. Alitoka Akashi, mji wa jirani upande wa magharibi, unaojulikana Japani nzima kwa pweza wake. Hakuuliza habari za simba wala Kilimanjaro. Aliuliza: mnavuaje?

Jumapili alinichukua kwa treni mpaka Uonotana, mtaa wa soko la samaki wa Akashi. Akanisimamisha mbele ya mzee aliyekuwa akiuza pweza wabichi na wa kukausha, akasema huyu ni Hamishi-san. Yaliyobaki aliniachia mimi. Mzee alisikiliza, naye akainama, kisha akataka kujua kama kwetu tunatumia vyungu. Kwao huzamisha vyungu vya udongo baharini vikiwa vimefungwa kamba, pweza akaingia mwenyewe akidhani amepata nyumba. Nikamwonyesha kwa mikono jinsi babu alivyochokoa mashimo ya mwamba kwa chuma chenye ncha, na alivyolijua shimo lenye mtu ndani kwa kuangalia maganda ya chaza yaliyotupwa mlangoni. Mzee akaniuliza Hamisi alikuwa akiyaona maganda hayo maji yakiwa ya kiasi gani.