Kirai cha "to" ni cha nani?

Katika kutafsiri nyaraka za sacco za matatu hapa Nairobi, msamiati haunisumbui. Nauli, steji, makanga, faini: maneno hayo utayasikia ukipita tu barabara ya Ronald Ngala. Kinachonichelewesha ni sentensi kama hii niliyoletewa majuzi:

The committee rejected the proposal to raise the fare to protect passengers.

Virai viwili vya "to", yaani mafungu ya maneno yanayoanza na "to", vimefuatana, na kila kimoja kina mwenyewe, neno kinalolieleza. Mimi hukitoa kirai kilipo nikakipeleka mwanzo wa sentensi, kisha nasoma upya kwa sauti. To raise the fare, the committee rejected the proposal. Maana imepinduka: sasa kamati inakataa pendekezo ndipo nauli ipande! Basi kirai hicho hakibanduki kwenye nomino proposal. Kinajibu swali "pendekezo lipi?", na Kiswahili hakifichi hilo: pendekezo la kupandisha nauli. Hiyo "la" ni ya pendekezo. Ingekuwa ya kamati ingesema "ya".

Kirai cha pili kilinikalisha zaidi. To protect passengers, the committee rejected the proposal to raise the fare. Hapo sentensi imesimama sawasawa, kwa hiyo kirai kinaweza kueleza kitenzi rejected. Kinaweza, nasema. Kukihamisha kunaonyesha kwamba njia hiyo ipo, hakufungi njia nyingine. Kikibaki mwishoni, kinaweza vilevile kueleza raise: kwamba aliyependekeza alitaka nauli ipande ili zipatikane pesa za breki na tairi, abiria wawe salama. Ukiweka in order to badala ya "to", pande zote mbili zinakubali. Hata Kiswahili hakikuniokoa, maana "ilikataa pendekezo la kupandisha nauli ili kuwalinda abiria" ina utata uleule.

Sarufi ikifika hapo, mimi hupiga simu. Katibu wa sacco alicheka.

"Mwalimu, wazee walikataa kwa sababu ya mwananchi. Nauli ya asubuhi tayari inauma."

Nikaandika: Ili kuwalinda abiria, kamati ilikataa pendekezo la kupandisha nauli. Ukishajua mwenye kirai, kisogeze karibu naye, msomaji asiachiwe kubahatisha.

Waraka huo ulikuwa na sentensi nyingine mbili zinazofanana kwa sura: Drivers are reluctant to stop there, na The stage is hard to find at night. Zote mbili, kirai kinaeleza kivumishi, reluctant na hard. Lakini uliza nani anatenda. Wa kusimama ni dereva mwenyewe. Steji haitafuti chochote, inatafutwa. Ya kwanza nikaipa "madereva wanasita kusimama hapo", ya pili "ni vigumu kuipata steji hiyo usiku", nikautuma waraka uchapishwe.